Ubao Usiachwe Mkavu

Mpaka leo nikimkumbuka Mzee wa Kipimo, kitu cha kwanza kunipanda ni hasira. Namkasirikia yeye kwa utiifu wake, naikasirikia ofisi iliyotuajiri sisi wawili, na zaidi ya hapo najikasirikia mwenyewe. Lakini acha nianze na yeye, maana nikianza na mimi nitatafuta visingizio.

Jina alikuwa nalo, lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi, ila sikumbuki mtu aliyelitumia. Alikuwa Mzee wa Kipimo, basi. Kila asubuhi na kila jioni alishuka mpaka ukingo wa Mto Njoro, chini ya daraja la mbao, akasoma maji yamefika wapi kwenye ubao uliosimikwa mtoni. Ubao wenyewe ulikuwa mrefu kuliko mtu, umepakwa rangi nyeupe na nyeusi, na futi na inchi zimeandikwa kutoka chini hadi juu. Alichosoma alikiandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi alipanda baiskeli mpaka Nakuru mjini, akaliweka daftari mezani kwangu kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya maji. Kazi yangu ilikuwa kuzinakili zile nambari kwenye kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kwa wino, bila doa.

Hakuwa na saa. Saa yake ilikuwa king'ora cha kiwanda cha mbao kule juu, upande wa Mau, ambacho kililia asubuhi wafanyakazi wakiingia na jioni wakitoka. King'ora kikilia, yeye ameshafika majini, suruali imekunjwa mpaka magotini. Nilimwambia siku moja kwamba kiwanda hichohicho ndicho kinachokata miti, ile mitarakwa na mipodo iliyouweka mto wake hai, na yeye anakitegemea kama muadhini. Akacheka kidogo, akasema hata mwizi akijua saa unaweza kumuuliza.

Ofisi ilitaka nambari tu. Yeye alileta nambari na mengine. Kila ukurasa wa daftari lake ulikuwa na mstari wa penseli kando, na upande ule wa pili wa mstari aliandika kila kitu alichokiona kikija kwenye maji. Korongo wenye taji wawili, wanalisha. Vyura wameanza kulia, wengi. Fisi maji amepita, mavi yake yana maganda ya kaa. Mbega wameshuka kunywa, mmoja amebeba mtoto. Yule ndege mdogo wa buluu anayejitupa majini, leo hayupo. Kesho yake tena: hayupo. Aliandika kwa herufi kubwa zilizoegemeana, na kama hakujua jina la mdudu alimchora.

Nani alimtuma? Hakuna. Nilimuuliza, tena kwa ukali kidogo, maana kurasa zake zilikuwa zinanichosha macho. Akanijibu kwa swali.

"Karani, mtu akija kwako kuandika watu wa nyumba, ataandika mlango ni mmoja halafu aende zake?"

Nikamwambia aende akanywe chai kwa tarishi.

Wakati ule wa Emajensi, serikali ilipotangaza hali ya hatari, kutembea alfajiri kulikuwa kutafuta balaa. Yeye alikuwa na barua ya ofisi, yenye muhuri, ameikunja ndani ya kofia. Siku moja askari wa doria walimkamata mtoni akiwa na penseli na daftari lililojaa hesabu. Wakamkalisha chini, wakaanza kusoma wakitafuta siri. Mkubwa wao akafika penye maandishi ya siku hiyo, yaliyoandikwa muda huohuo: askari wanne wamekunywa maji ya mto bila kuchemsha, mmoja ametema mate ndani. Nasikia yule mkubwa alifunga daftari, akamrudishia, akawageukia vijana wake akauliza ni nani aliyetema. Mzee alinisimulia haya bila kucheka hata kidogo. Kwake lilikuwa jambo la kawaida, mtu ametema mate mtoni na ameandikwa.

Kuandika kwake hakukuchagua. Aliwafukuza akina mama waliokuja kufua upande wa juu wa ubao, akisema sabuni inaua mayai ya vyura. Lakini kila Jumamosi alikuwa anaiosha baiskeli yake palepale, kwa sabuni ileile, na mafuta ya taa juu yake. Mama mmoja kutoka nyumba za wafanyakazi wa shamba akamsimamia, mikono kiunoni.

"Na wewe je, Mzee? Hiyo sabuni yako imebarikiwa kanisani?"

Mzee akaitazama baiskeli. Halafu akajifuta mikono, akachukua daftari, akaandika: baiskeli imeoshwa mtoni, mwenye kosa ni msoma kipimo. Nililiona kwa macho yangu mwisho wa mwezi. Jumamosi iliyofuata akaiosha tena palepale, na akaandika tena. Ndivyo alivyokuwa, mtu angekata tamaa naye. Alipenda kambare kuliko nyama ya mbuzi, na kila alipomvua mmoja aliandika kambare mkubwa ametoka, nimemla mimi. Ukimtania alikujibu neno moja lilelile: mwenye kosa aandikwe. Alilisema kama wengine wanavyosema amina.

Alifikiri kuandika kunatosha, na hapo ndipo alipokuwa ananiudhi. Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, naye aliamini kwamba mali yenye daftari haipotei kabisa. Hakupata kuja ofisini akapiga meza. Hakumwambia mtu kwa mdomo. Aliandika, akaleta, akaamini kwamba kule mjini kuna mtu mwenye miwani anayesoma kila mstari na kutikisa kichwa. Huyo mtu hakuwapo. Nilikuwapo mimi.

Sasa nije kwenye ubao.

Bwana aliyeusimika, Mzungu wa kwanza wa ofisi yetu, alikuwa amempa amri moja tu. Mzee aliniigiza sauti yake mara nyingi, shingo ameikaza: "Hii ubao hapana wacha kauka. Ikikauka, wewe hapana kazi." Nadhani yule Bwana alimaanisha aondoe matope na majani yasizibe mguu wa ubao, maji yafike. Hakufafanua, akahamishwa, akaja mwingine ambaye hakupenda kulowesha viatu. Mzee akabaki na amri yake.

Miaka ilipita. Kule juu miti mikubwa ilikatwa, ikapandwa misipresi kwa mistari. Mashamba yakashuka mpaka ukingoni. Mto ukaanza kupungua wakati wa kiangazi, kidogo, kisha si kidogo. Maji yalipouacha mguu wa ubao, Mzee alifanya alivyoamriwa. Aliung'oa, akausogeza chini kidogo mahali penye kina, akausimika upya na kuushindilia mawe. Ubao ukalowa. Akasoma, akaandika. Mwaka uliofuata maji yakahama tena, naye akahama nayo. Kutoka chini ya daraja ubao ulitembea mpaka kwenye mkunjo wa mto, kutoka mkunjo mpaka kwenye dimbwi la chini ya mwamba, ambalo kukauka kwake si rahisi.

Kwa hiyo nambari zake hazikushuka. Mto ulikuwa unakufa, na nambari zilikuwa zilezile mwaka baada ya mwaka, nzuri kabisa, na mimi nikiziandika kwa mwandiko ambao kila mgeni wa ofisi alionyeshwa.

Aliandika kila mara aliposogeza. Pembeni, upande wa vyura na korongo: leo nimesogeza ubao, maji yamehama. Niliyasoma maneno hayo. Sitaki mtu afikiri sikuyasoma. Mara ya kwanza niliyaona kama porojo zake nyingine. Mara ya pili nilielewa. Nilikaa na kalamu hewani, nikatazama kitabu changu kikubwa, kurasa na kurasa za nambari safi, nikaona kwamba nikisema, zote zitakuwa za uongo na itabidi kila kitu kichorwe mistari myekundu. Nilikuwa nimesifiwa sana kwa kitabu kile. Nikachovya wino nikaendelea. Na madaftari yakishanakiliwa yalikwenda stoo, na stoo tarishi alikuwa anayachana kuwashia jiko la chai. Hilo pia nilikuwa najua.

Kule mto unakoanzia kulikuwa na kinamasi kikubwa cha matete, na korongo wenye taji walitaga humo. Mwenye shamba jirani akaomba ruhusa akichimbie mifereji kikauke, alime ngano na viazi. Wakati huohuo alikuwa amekuja mtafiti mmoja, Mzungu mrefu mwenye kofia iliyochanika, aliyelala katika hema pembeni ya kinamasi akisikiliza vyura na kuhesabu viota. Yeye alisema kinamasi ndicho kinachotunza maji ya mto wakati wa jua, na kwamba tangu msitu ukatwe mto umeshuka; kikikaushwa, mto nao utakauka, pamoja na walio ndani yake. Mwenye shamba akasema mto haujashuka hata inchi. Ukaitwa mkutano mjini uamue, na ofisi yetu ikatakiwa kuleta nambari.

Mzee wa Kipimo alikuja. Mtafiti ndiye aliyemwalika, maana walikuwa wamekutana mtoni na kupendana. Wote wawili walikuwa watu wa kuinamia matope. Alivaa koti, akakaa kiti cha nyuma kabisa, kofia mapajani. Uso wake ulikuwa umetulia. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuja kusikia madaftari yake yakisomwa.

Nikafungua kitabu kikubwa. Nikasoma nambari za kiangazi, mwaka kwa mwaka. Nilisoma vizuri. Mtafiti akaomba nirudie, nikarudia. Akakichukua kitabu mwenyewe, akapitisha kidole juu mpaka chini, na nikamwona mabega yanamshuka. Mwenye shamba akajifuta masharubu.

Ndipo Mzee akasimama bila kuitwa.

"Samahani, wakubwa. Hizo nambari ni zangu, na ni za kweli. Lakini ubao ulihama."

Mwenyekiti akauliza kama ubao una miguu, na watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alisema ameusogeza yeye, mara nyingi, kwa amri ya Bwana wa kwanza, na kila mara ameandika. Akaninyooshea mkono kwa heshima, kiganja juu, kama anayemkaribisha mgeni. "Karani anajua. Yote yako kwake."

Chumba kizima kikanigeukia. Bwana wangu, aliyekuwa ananisifu mwandiko, akaniuliza kama madaftari ya mzee huyu yanasema hivyo.

Nikasema, "Madaftari ya zamani hayapo, Bwana."

Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo sababu linanikera mpaka leo. Sikuulizwa yako wapi. Niliulizwa yanasema nini, na nilijua yanasema nini. Mzee aliendelea kusimama kwa muda akinitazama, akisubiri sentensi ya pili. Haikuja, akaketi. Mtafiti alijaribu kusema kitu, wakamwambia wasafiri wa mara moja huja na hofu zao, lakini nambari za ofisi ni nambari za ofisi. Ruhusa ikatolewa.

Mifereji ilichimbwa kabla ya mvua. Sitaki kusema mengi juu yake, maana nilikwenda kuona mara moja tu na sikukaa. Matete yalikuwa yamelala kama nywele za mgonjwa, na korongo wawili walikuwa wanazunguka juu, wanashuka, wanapanda tena.

Kiangazi cha pili baada ya hapo, Mzee wa Kipimo aliingia ofisini katikati ya mwezi, siku isiyo yake. Alikuwa amebeba ubao begani, ameuleta kwa miguu, kwa sababu haukufungika kwenye baiskeli. Akauegemeza ukutani nyuma ya meza ya Bwana. Rangi ilikuwa imegandwa na tope kavu.

"Umekauka, Bwana. Hata dimbwini. Nimekuja kurudisha kazi."

Bwana alimwambia asubiri, mvua zitakuja, hakuna aliyemfukuza. Mzee akasema amri ilikuwa ubao usiachwe mkavu, na sasa ameuacha. Akatoa barua kutoka kwenye kofia, akaiweka mezani, akaweka na penseli juu ya barua. Alinipita mlangoni akaniaga kama kawaida, kwaheri, salamu nyumbani. Ningeshukuru kama angenitukana.

Daftari moja lilikuwa limebaki. Nililipata tulipohamisha kabati: liliwekwa chini ya mguu mmoja ili kabati lisiyumbe, labda na mimi mwenyewe. Lilikuwa la mwaka ubao ulipotoka darajani. Nilikaa nalo wiki kadhaa kwenye droo. Mwishowe nikapanda lori tupu lililokuwa linakwenda kuchukua viazi Molo, ambako nilisikia Mzee anakaa kwa binti yake.

Molo kulikuwa na baridi na ukungu mchana kweupe. Nilimkuta jikoni, amekaa karibu na moto, anamenya viazi kwa kupapasa. Macho yalikuwa yameshaingia utando mweupe. Nje, kwenye pipa la maji ya mvua, nilikuwa nimeona kijiti kilichochongwa alama, kimesimamishwa ndani, nikajua nyumba ni hiyo. Nikamsalimia shikamoo, akanitambua kwa sauti. Akamwambia binti yake alete chai ya Karani, iwe na maziwa mengi, Karani hapendi ya rangi. Alikuwa anakumbuka hata hilo.

Nikamwekea daftari mikononi. Akalinusa, akapapasa kona zake, akanirudishia.

"Nisomee. Nambari ziache."

Nikamsomea. Korongo, vyura, kaa, mbega. Alikuwa ananitangulia. Nikisema fisi maji, anasema na mwanawe. Nikigeuza ukurasa, ndivyo ilivyoandikwa. Alifurahi, sitaficha. Alisahau viazi kabisa. Nilitamani tusifike ule ukurasa, na tukaufikia.

Kuna maneno ambayo nimeyaacha mpaka hapa, kama nilivyoyaacha wakati ule. Nikayasoma kwa sauti: "Leo nimesogeza ubao hatua kumi na mbili chini. Darajani pamebaki mchanga. Tafadhali Karani amwambie Bwana."

Moto ulikuwa unatoa moshi. Mzee akatafuta kisu chake, akakipata, hakumenya.

"Hapo ulisoma?"

"Nilisoma, Mzee."

"Siku zile zile?"

"Siku zile zile."

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi tangu Njoro, nimeyapanga vizuri ndani ya lori. Nikaanza kuyasema. Akainua mkono kunikatiza. Akauliza kama pembeni pa ukurasa ule pana nafasi. Nikamwambia ipo, ndogo.

"Kalamu unayo, wewe karani."

Nikaitoa. Nikasubiri aniambie cha kuandika, lakini alikuwa ameshachukua kiazi kingine.

"Unajua inavyoandikwa," akasema.

Nikaandika: Karani alisoma, hakumwambia Bwana. Mkutanoni aliulizwa, akaficha. Herufi zilitoka safi, maana mkono wangu umezoea. Akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyesikia hesabu imekubali.

"Na maji?" akauliza. "Umeandika maji ni ngapi?"

Nikamwambia nilipita darajani asubuhi ile ndani ya lori. Hakuna maji.

"Basi andika hakuna."

Nikaandika hakuna.